Sakafu ya Zuhura

Juzi nilikuwa napita kwenye karakana ya seremala mmoja kule Kihonda, nikasikia harufu ya mninga unaorandwa, nikashindwa kuendelea na safari yangu. Fundi alikuwa anaandaa mbao za sakafu kwa ajili ya nyumba ya mtu mwenye uwezo wake, zile mbao zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, zinazochomekwa moja ndani ya nyingine mpaka chumba kizima kinakuwa kitu kimoja. Aliniona nimesimama nimeduwaa kwenye maranda. "Dada, kuna kitu unahitaji?" akaniuliza. Nikamwambia hapana. Sikuhitaji kitu. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu Mwembesongo, kwenye masika ambayo baba yangu alikaribia kurukwa na akili kwa ajili ya mbao kama zile.

Zuhura ndiye mdogo wangu, aliyenifuata ziwa. Alikuwa na kifafa. Siku hizi nalisema neno hilo bila kuteremsha sauti, lakini wakati ule nyumbani hatukulitamka. Tulisema "ameanguka", au mama alisema tu "imemjia", na kila mtu akaelewa. Kwanza macho yalisimama, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Halafu kilichokuwa mkononi kikadondoka, kikombe au kipande cha muhogo, halafu akadondoka yeye. Hakujikinga. Mtoto mwingine akijikwaa hutanguliza mikono. Zuhura alikwenda chini kama gunia lililotupwa kutoka kwenye lori, na kichwa ndicho kilichofika kwanza.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi mdogo katikati, na chini kote ni saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Kila Jumamosi niliisugua kwa kumbi la nazi mpaka inang'aa. Mama alijivunia sana sakafu ile kabla Zuhura hajaanza kuanguka. Baadaye nilikuwa nikiisugua naona mahali pengine rangi imekolea zaidi, na nilijua si rangi.

Zuhura alikuwa na makovu kwenye paji la uso, kwenye nyusi, kidevuni, na meno yake mawili ya mbele yalikwisha kukatika. Vidonge alivyopewa hospitali vilimfanya asinzie mchana kutwa, na vilipunguza kuanguka lakini havikukomesha. Siku moja tulimpeleka kushonwa, nesi mmoja mtu mzima akamwambia mama, huku anakunja bandeji, "Sikiliza mwanangu. Kuanguka kwenyewe siko kunakomwua. Kinachoweza kumwua ni pale anapoangukia. Kwako wewe, adui yako ni sakafu."

Mama aliitikia. Mimi niliyekuwa nimekaa kando ya kitanda niliyachukua maneno yale kama yalivyo. Adui yetu ni sakafu. Mbona hakuna aliyenieleza siku zote zile? Ndiyo maana mwenzangu alikuwa anaanguka: sakafu ilikuwa inamvuta. Nilirudi nyumbani nikaitazama kwa macho mapya, ule wekundu wake, zile nyufa zake karibu na mlango zilizofanana na midomo iliyofumbwa. Nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naisugua na kuipaka rangi, na nikahisi kama nilikuwa nailisha. Nilianza kutembea kwa ncha za vidole. Mama alinigombeza akidhani nacheza.

Baba alijaribu kila kitu. Alikuwa fundi baiskeli, kijiwe chake kilikuwa karibu na soko, na mikono yake haikuwahi kutakata. Alitandika maboksi, Zuhura akayachana. Akatandika godoro lao la kulalia yeye na mama ukumbini, lakini mtoto haanguki pale ulipomwandalia. Alianguka mlangoni, alianguka jikoni, alianguka hatua moja kutoka kwenye godoro. Akaleta helmeti kuukuu ya pikipiki. Ilikuwa nzito, shingo ya Zuhura ikawa inayumba, watoto wa jirani wakamcheka, naye akalia mpaka baba akaivua na kuitupa juu ya paa. Nilimwona amesimama uani anaitazama ile helmeti huko juu, mikono imemlegea, kama mtu aliyesahau alikuwa anataka kufanya nini.

Wazo la mbao lilimjia dukani kwa Mzee Yusufali. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, duka lake la vitambaa lilikuwa kwenye jengo la zamani la ghorofa moja mjini, na familia yake ilikaa juu. Baba alikuwa amepanda kupeleka baiskeli ya mjukuu. Huko juu mke wa mzee akaponyokwa na chupa ya mafuta ya nazi. Chupa ikapiga chini, ikadunda, ikabingirika hadi miguuni kwa baba. Haikuvunjika. Baba akatazama chini, akaona amesimama juu ya mbao.

Alitusimulia jioni hiyo tukiwa tunakula, na alikuwa anasema haraka haraka kama mtu mwenye homa. "Mama Mwaju, chupa! Chupa ya kioo!" Alichukua bilauri yetu akataka kuiangusha kwenye saruji kutuonyesha tofauti, mama akamnyang'anya.

"Na mbao utazitoa wapi?" mama akamwuliza.

"Mzee anabomoa. Anataka kujenga upya. Nimemwomba, ameniambia ng'oa mwenyewe, uchukue."

Basi baba akaacha kijiwe chake, akawa anakwenda kung'oa sakafu ya watu. Aling'oa ubao mmoja mmoja kwa tindo, kwa uangalifu, maana ulimi ukivunjika ubao umekwisha kazi. Alizileta kwa mkokoteni, nyeusi kwa vumbi la miaka mingi, na alipoanza kuzipiga msasa uani ndipo ile harufu ikatoka, tamu, nzito, kama asali iliyokaa karibu na moshi. Zuhura aliokota maranda akayavaa vidoleni kama pete. Nakumbuka nikiwaza kwamba ile ni harufu ya dawa.

Mjomba Salumu alitukuta katika hali hiyo, ua mzima mbao. Alikuwa kaka yake mama, mkulima wa ndizi na pilipili manga huko Kinole, milimani. Mama ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ana sauti juu ya mtoto ambayo baba hana. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyeletwa Morogoro na kutafuta maisha. Yeye na mjomba walikuwa watani. Kwa kawaida mjomba hakuingia nyumbani kwetu bila kumtukana baba kwanza, kumwita mpagazi, kumwuliza mzigo ameuweka wapi, na baba naye akamjibu vibaya zaidi, na sisi tukacheka mpaka tumbo likauma. Siku ile mjomba aliingia, tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa. Hakumtania baba. Hapo nikajua kuna jambo.

Alimvuta Zuhura katikati ya magoti yake, akampapasa makovu moja baada ya jingine kwa kidole gumba.

"Shemeji," akasema, "huyu mtoto mnamwua."

Baba alikuwa ameshika nyundo.

"Mama yetu anamtaka nyumbani Kinole. Huko chini ni udongo, si mawe kama haya yenu. Na kuna mzee mmoja wa kumtazama, ameshatazama wengine."

"Huko kuna moto katikati ya nyumba, Salumu," baba akasema. "Mafiga matatu, na moto unawaka kutwa. Akiangukia pale?"

"Ataangaliwa."

"Na sisi hatumwangalii?"

Mjomba akatazama paji la uso la Zuhura, akaacha lenyewe limjibu baba. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, anatazama huku na huku, kaka yake, mume wake, kaka yake.

"Kaka, mwache amalize hizi mbao," akasema mwishowe. "Mvua zikishika, uje. Ukikuta hali ni hii hii, umchukue."

Nilimwona baba akigeuka kumtazama mama kana kwamba amempiga kofi. Lakini mama hakuwa na jingine la kutoa.

Kuanzia siku ile baba hakupumzika. Hakuwa seremala. Alijifunza kwa kukosea. Alilaza kwanza papi, vile vipande vyembamba vya mbao vya kupigilia juu yake, na chini ya kila papi akatandika tabaka za tyubu na vipande vya tairi za baiskeli kutoka kijiweni kwake, ili sakafu iwe na mnepo fulani, ibonyee mtu akiiangukia. Hilo hakufundishwa na yeyote. Alilitoa kichwani mwake mwenyewe. Kisha akaanza kuchomeka mbao. "Huyu anatia ulimi mdomoni mwa mwenzake," alimwambia Zuhura aliyekuwa anachungulia, "halafu wanashikana, hawaachani tena." Aligonga kwa kipande cha gogo ili asiuumize ubao, tok, tok, tok, mpaka ule mstari wa giza kati ya ubao na ubao ukatoweka. Kila mstari ulipotoweka niliona saruji inazidi kuzikwa. Nilikuwa nasimama mahali palipobaki wekundu, nasema kimoyomoyo, bado wewe, bado wewe.

Vidole vya baba vilivimba. Ukucha mmoja ukawa mweusi ukang'oka. Wateja walikuja kuulizia baiskeli zao, mama akawa anawaambia anaumwa. Tulikula kwa vitumbua vya mama peke yake. Jioni mama alimpelekea chai, akaikuta ya asubuhi ipo pale pale, imefunga utando. Ilifika wakati hata Zuhura alipoanguka uani baba hakwenda kumwinua. Aligonga kwa nguvu zaidi, huku machozi yanamtiririka.

Akamaliza. Ukumbi na chumba chetu sisi watoto, ukuta kwa ukuta, mbao zilizokaza hata wembe usingepita. Alitupakia mafuta ya kula kwenye kitambaa tukazisugua mpaka zikawa na rangi ya chai ya rangi. Zuhura alitembea juu yake, akarukaruka, sakafu ikamwitikia kwa sauti ya chini kama ngoma iliyofunikwa. Tukacheka sote.

Na Zuhura akaacha kuanguka.

Sasa najua huwa inatokea. Ugonjwa ule una vipindi vyake, unapumzika bila kumuaga mtu wala kumshukuru. Lakini mimi sikuwa na shaka yoyote. Adui alikuwa amefungiwa chini, hana pa kumshikia. Siku zikapita, Zuhura hajaanguka, na nikaanza kuwatangazia watoto wa mtaa wote kwamba mdogo wangu amepona, baba amemponya kwa mbao. Hata mama alianza kuimba imba akikaanga vitumbua. Baba ndiye pekee ambaye hakushangilia. Alikuwa anamtazama Zuhura akitembea, na midomo yake inacheza kama anayeomba.

Kisha masika yakashika. Wingu lilishuka kutoka Uluguru likafunika mji, milima ikatoweka, mvua ikanyesha kama hakuna aliyeiambia basi. Kila kitu nyumbani kilikuwa na unyevunyevu, chumvi, viberiti, shuka. Siku moja asubuhi tukasikia mlio ukumbini, kraa, kama tawi limevunjika. Tukakuta mbao zimenyanyuka katikati ya ukumbi. Zilikuwa zimefura, zimesukumana kutoka ukuta huu hadi ule, hazikuwa na pa kwenda isipokuwa juu. Zilitengeneza kichuguu kirefu, ndimi zimechomoka, misumari imetokeza vichwa.

Baba alipanda juu ya kichuguu kile akajaribu kukishindilia kwa uzito wake. Kilishuka upande mmoja kikapanda upande wa pili. Akaruka. Akaruka tena na tena, mtu mzima, anaruka ukumbini kwake huku anapiga kelele zisizo na maneno. Mama akatushika sisi mkono akatutoa nje, tukasimama chini ya ukingo wa paa, mvua inatupiga miguu.

Ilibidi azing'oe. Mchana ule alikuwa ameshafungua katikati yote, mbao ameziegemeza ukutani, na saruji ikaonekana tena, nyekundu, imelowa, na vipande vya tairi vimetapakaa juu yake. Zuhura alikuwa amekatazwa kuingia. Aliingia kwa sababu alimsikia baba anakohoa, akampelekea maji. Nilikuwa nyuma yake. Niliona kikombe kinadondoka.

Mlio wa kichwa chake kwenye ile saruji sitauandika hapa.

Damu haikukoma njiani. Baba alimbeba mikononi akakimbia naye kwenye mvua hadi barabarani, akapata gari la kumpeleka hospitali, na mama akamfuata bila viatu. Mimi nilibaki na jirani. Niliichungulia ile sakafu kupitia mlangoni nikaamini kwa moyo wangu wote kwamba ilikuwa imengoja, ndani ya giza lile, chini ya mbao, ikihesabu siku zake, na kwamba imelipiza kisasi.

Zuhura alilala hospitali siku nyingi bila kufumbua macho. Alipofumbua hakumtambua mama kwa muda, kisha akamtambua. Siku aliyotolewa, mjomba Salumu alikuwa anatungoja nje ya wodi na koti lake la mvua. Hakusema "si niliwaambia". Nadhani ingekuwa nafuu kama angesema. Alimbeba Zuhura mgongoni, mama akamfunga kwa khanga, baba akasimama kando na kifurushi cha nguo mkononi, anakigeuza geuza.

"Shemeji," mjomba akamwambia, "lete hizo nguo."

Baba akampa. Gari likapanda kwenda milimani, likapotea kwenye wingu.

Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuisikia tena. Baba alikaa ukumbini juu ya rundo la mbao. Hakwenda kazini, hakunyoa, hakumwamkua mtu. Mama alikuwa anampita na ndoo zake kana kwamba anapita gogo. Nilidhani wamechukiana. Kumbe kila mmoja alikuwa anaogopa kwamba mwenzake akifungua mdomo atasema kile kinachostahili kusemwa.

Ni mama aliyeanza. Alikuwa anakoroga unga wa mchele wa vitumbua, akasimama mlangoni na sufuria, akamtazama baba.

"Uliibana," akasema.

Baba akainua kichwa.

"Mbao. Ulizibana ukuta kwa ukuta. Huu unga wangu nikiujaza sufuria mpaka juu, ukiumuka unamwagika. Lazima niuachie nafasi. Zile nazo zilitaka nafasi ya kufura, hukuzipa."

Baba alimtazama mama, akatazama ukuta, akatazama mama tena. "Mtoto hayupo, Mama Mwaju," akasema. "Nimtandikie nani?"

"Tandika," mama akasema. Akaweka sufuria chini, akajifunga khanga kiunoni, akashika ubao upande mmoja. "Shika huko."

Walizianika chini ya paa la uani mpaka mvua zilipopungua, wakazigeuza kila siku kama watu wanaoanika samaki. Kisha wakazipiga upya, wao wawili, baba anachomeka mama anagonga, na kando ya kila ukuta wakaacha upenyo wa upana wa vidole viwili. Mimi nilikaa kitandani nikawasikia, tok, tok, tok, wanamtengenezea sakafu mtoto ambaye hayupo. Nilikuwa nimeacha kuamini. Niliwaona kama watu wanaolima shamba la mtu aliyehama.

Walipomaliza, mama aliniambia nivae viatu. Tulipanda gari la ndizi lililokuwa linarudi tupu Kinole. Njia ilikuwa tope tupu, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde ambalo sikuthubutu kulitazama.

Tulimkuta Zuhura nyumbani kwa bibi, karibu na jikoni. Alikuwa amekonda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa jani na kitambaa, na kutoka kiunoni mwake kulikuwa na kipande cha khanga iliyosokotwa, mwisho wake umefungwa kwenye mguu wa kitanda. Urefu wake ulimwezesha kufika mlangoni. Haukumwezesha kufika kwenye moto.

Mama alipiga magoti akaanza kulifungua lile fundo, na vidole vyake havikuweza.

"Shikamoo mama," akasema bila kuinua macho.

"Marahaba," bibi akasema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, na nilipomtazama vizuri niliona naye amekonda kuliko Zuhura. "Nilikwenda kuchota maji tu. Kurudi, mkono uko kwenye makaa. Tangu hapo ndiyo nimemfunga. Silali, Zena. Nikisinzia naota moto."

Mjomba Salumu akaingia, akatukuta hivyo. Mama akasimama.

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Ugonjwa huu hautoki kwa mbao, Zena," mjomba akasema. Hakuwa na ukali. Alikuwa amechoka kama sisi.

"Sijasema utatoka. Nataka akianguka asipasuke."

"Na zikipasuka tena hizo mbao?"

"Tutazipiga tena."

Mjomba akafungua mdomo kujibu, lakini bibi akamwahi. "Mpe mtoto wake," akasema. "Mimi nimechoka kumfunga mjukuu wangu kama mbuzi." Akainuka, akachukua kisu cha kukatia mboga, akaikata ile khanga mwenyewe.

Tulishuka naye kesho yake. Baba alikuwa mlangoni. Alimpokea Zuhura, akamnusa kichwani, akauona mkono, akafumba macho, akamweka chini. Zuhura akavua ndala zake akaingia ukumbini kana kwamba hakuwahi kuondoka.

Naomba nieleweke kwamba hakupona. Amekuwa mtu mzima nao ugonjwa wake. Ana cherehani yake, ana mtoto, anameza vidonge vyake, na zipo siku bado anaanguka. Lakini wakati ule sikujua yatakayokuja, na niliposikia tena nyayo zake kwenye mbao, imani yangu yote ilirudi kwa mkupuo. Nilisema, sasa basi. Sasa imekwisha.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Zuhura alisimama katikati ya ukumbi na kipande cha muwa. Macho yakasimama. Muwa ukadondoka. Akaenda chini kama alivyokwenda siku zote, mzima mzima, kichwa mbele, na sakafu ikatoa ule mlio wake wa ngoma iliyofunikwa.

Nilikimbia. Nilitoka nje nikaenda kujibanza nyuma ya choo, nikalia kwa hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena maishani. Mbao zile, vidole vile, tairi zile, kumfuata mlimani, vyote, na bado ameanguka. Walikuwa wamenidanganya. Mama alinifuata, akanishika bega.

"Unalia nini?"

"Ameanguka!"

"Ndiyo, ameanguka."

"Baba alisema hataanguka tena!"

Mama alinitazama kwa mshangao, na nadhani ndipo alipoelewa nilichokuwa nimekiamini kwa muda wote ule. "Baba yako hakusema hivyo hata siku moja, Mwaju," akasema taratibu. "Njoo. Njoo uone."

Akaniongoza ndani. Zuhura alikuwa amelazwa ubavu, mwili umeshatulia, anakoroma kama alivyokoroma kila inapopita. Baba alikuwa amekaa kwenye mbao, kichwa cha mtoto kipo mapajani mwake, anapekua nywele zake, huku na huku, nyuma ya sikio, kwenye kisogo, kwenye paji la uso, anageuza viganja vyake juu anavitazama, anarudia tena. Viganja vilikuwa vikavu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikadhani analia, kisha nikaona anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili.

"Kaanguka tu, Mama Mwaju," alikuwa anasema. "Kaanguka tu."